Nilipofundisha Umbali wa Moto

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kwa kosa la kupumua. Nilikuwa kijana mbichi, nimetoka mafunzoni na cheti changu kwenye bahasha, na Mkuu wa Kituo cha hali ya hewa cha Sumbawanga alinipeleka moja kwa moja kwenye kibanda cha vipimajoto. Kibanda chenyewe ni sanduku jeupe la mbao lililoinuliwa juu ya miguu minne, kuta zake zimeachiwa mianya ili upepo upite lakini jua lisiguse vyombo. Nilifungua mlango, nikasogeza uso karibu kabisa nisome vizuri. Nyuma yangu nikasikia sauti ya chini.

“Gaspari, umekipumulia.”

“Samahani, Mzee.”

“Sasa utaandika joto la dunia au joto la chai uliyokunywa?”

Tulisubiri zebaki itulie, kisha nikasoma tena nikiwa nimebana pumzi mpaka macho yakanitoka. Mkuu yule alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kuvaa tai hata Jumamosi. Wenzangu walimcheka kila alipogeuka. Mimi sikucheka, maana ni mwoga wa kuzaliwa. Ndugu zangu kijijini walikuwa wakinitania kwamba jogoo akiwika ghafla, mimi ndiye ninayeomba radhi.

Ninyi mnaoingia kazi hii leo mna vyombo vinavyojisoma vyenyewe. Sisi tulisoma kwa macho, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, mvua inyeshe au jua liwake. Tulikuwa na kipimajoto cha kiwango cha chini, ambacho ndani yake kuna kijiti chembamba. Joto likishuka usiku kijiti huvutwa chini, likipanda asubuhi chenyewe hubaki palepale, nawe unajua baridi ilifika wapi ulipokuwa umelala. Kingine cha namna hiyo tulikilaza nje, juu kidogo ya majani, bila paa. Hicho cha nje kila mara kilisoma chini kuliko cha kibandani, hasa anga likiwa jeupe bila wingu, kwa sababu ardhi isiyofunikwa hupoteza joto lake lote kwenda juu. Tofauti hiyo niliiandika daftarini kwa miaka kabla sijaielewa.

Baadaye nilihamishiwa Kasanga, bandarini, kupima upepo kwa ajili ya maboti yanayobeba mizigo kwenda Zambia na Kongo. Msimamizi wa huko alikuwa mkali, hana simile. Siku moja alinikuta naandika kwa mwandiko mzuri kwamba ziwa limeanza kuchafuka.

“Unamwandikia nani?” akaniuliza.

“Naandika kwenye daftari, Mzee.”

“Daftari halizami. Kimbia kwanza ukawaambie watu, halafu rudi uandike.”

Nilikimbia. Ningemwiga mzee yule maisha yangu yote, leo nisingekuwa na jambo la kuwaeleza.

Niliporudishwa Sumbawanga, nchi ilikuwa imebadilika. Soko huria lilikuwa limeingia, mitumba imejaa sokoni, na kila mtu mwenye mtaji kidogo amefungua duka. Serikalini kulikuwa na zoezi la kupunguza watumishi. Orodha zilikuwa zinakuja kutoka juu, na asiyejua jina lake limekaa wapi hakupata usingizi. Mkuu wetu mpole alistaafishwa, akaja mwingine mrefu, mwenye wasiwasi kunizidi hata mimi.

Katika hofu ile nilijipatia burudani moja. Padri mzee wa misheni alinipa kitabu cha elimu ya nyota, na siku zilezile redio ikatangaza kwamba wataalamu wamegundua sayari inayozunguka jua jingine, mbali mno. Nilikisoma kitabu kile mpaka jalada likabanduka. Humo ndimo nilimokuta habari ya ukanda wa uhai. Kila nyota ni moto, na kuizunguka kuna mahali pa katikati ambapo maji yanaweza kubaki maji. Sayari ikiwa karibu mno, maji huchemka na kutoweka. Ikiwa mbali mno, huganda yakawa jiwe. Nyota ndogo yenye moto hafifu ukanda wake uko karibu nayo, na nyota kubwa ukanda wake uko mbali, sawasawa na watu jikoni wanavyosogea au kurudi nyuma kufuatana na kuni zilizowekwa.

Jambo hili lilinitisha na kunipendeza kwa pamoja. Mimi niliyezoea kuhesabu digrii niliona kwamba uhai wote unaishi katika digrii chache, na kwingine kote ulimwenguni ni kifo tu. Kila nilipopata msikilizaji, nilimweleza.

Ndivyo ilivyokuwa Kaoze. Nilitumwa huko bondeni kufunga kipimamvua kwenye uwanja wa shule, chombo cha bati chenye faneli kinachokusanya mvua ipimwe. Kazi ilikwisha mapema, na watu waliokuja kutazama wakaniuliza kama naweza kujua mvua itanyesha lini. Nikawaambia siwezi, lakini naweza kuwaeleza kwa nini dunia hii ina mvua na nyingine hazina. Wakakaa kwenye nyasi alasiri ile, wakulima na wafugaji waliokuja na mifugo yao kutoka kaskazini.

Nilitumia nchi yetu wenyewe kama mfano. Nikasema, chukulieni bonde hili la Kaoze kuwa ni Zuhura, sayari iliyo karibu na jua, inayoungua. Kule juu kabisa kwenye milima ya Mbizi ni Mirihi, baridi tupu. Katikati, uwanda wetu wa Ufipa, ndiyo Dunia, hapo ndipo penye uhai. Yote ni umbali wa moto, nikasema. Niliyapenda maneno hayo, nikayarudia.

Kijana mmoja mfugaji, jina lake Masanja, mrefu, amejifunga shuka begani, akanyoosha mkono.

“Mwalimu, na moto wenyewe unakaa vilevile?”

“Hapana. Jua linaongezeka ukali, pole pole sana. Miaka mamilioni kwa mamilioni.”

“Basi na huo ukanda unahama.”

“Unahama kwenda nje, mbali na moto.”

“Kumbe mwenye akili ahame mapema.”

Watu wakacheka, nami nikacheka. Ng'ombe wake walikuwa wanakonda kwa joto na maradhi ya bondeni, lakini hilo hakulisema, na mimi sikumuuliza.

Somo lile lilikuwa nusu. Nusu ya pili nilipanga kuifundisha kesho yake. Nilitaka kuwaambia wautazame mwezi. Mwezi uko umbali uleule na jua kama sisi, umo katika ukanda wetu huuhuu, lakini hauna hata jani moja. Upande wenye jua unaungua na upande wa giza unaganda, kwa sababu hauna hewa ya kuufunika. Sayari haiishi kwa umbali peke yake. Inahitaji hewa iwe blanketi lake, lisiwe zito kama la Zuhura wala jepesi kama la Mirihi, na maji ya kutunza joto. Nilitaka hata kuwakumbusha jinsi sisi Wafipa tunavyofukia majani chini ya udongo na kutengeneza ntumba, yale matuta ya mviringo, na ukitia mkono ndani unakuta fukuto hata siku ya baridi. Lakini alfajiri lori la mpunga lilikuwa linapanda mjini, na nikiogopa kuchelewa kituoni, nikadandia.

Wiki chache baadaye, katikati ya kipupwe, Masanja akanijia pale kituoni mchana. Alikuwa amevuka ukingo wa bonde na ng'ombe wake wote. Nyuma yake alisimama mkewe, Kabula, msichana mwembamba mwenye macho makini, amebeba mtoto mchanga mgongoni kwa kanga moja.

“Mwalimu, nimehama,” akasema kwa furaha. “Nimeweka kambi chini ya Mbizi, kwenye majani. Ng'ombe wanakula mpaka wanalala.”

Nilipajua mahali pale. Ni peupe, hakuna mti, na usiku wa kipupwe hewa yote ya baridi hutelemka kutoka mlimani ikatuama.

“Kule ni baridi sana, Masanja. Mmejenga?”

“Kibanda cha majani kipo. Na moto ninao mkubwa. Si ulisema yote ni umbali wa moto?”

Nilifungua kinywa nimpe nusu ya pili. Wakati huohuo Mkuu wa Kituo akaniita kutoka dirishani, kwa sababu Mkaguzi wa Kanda alikuwa anakuja kesho yake kutoka Mbeya, na madaftari ya miezi sita hayajapangwa. Kila mtu alijua Mkaguzi anakuja na kalamu ya ile orodha.

“Nitakuja kesho tuzungumze,” nikamwambia Masanja. “Msilale mbali na moto.”

Kabula akaniuliza, “Mwalimu, mtoto nimfunike na nini zaidi?”

Nikasema, “Chochote mlicho nacho, mama.” Kisha nikaingia ndani.

Asubuhi nilikwenda kibandani kabla ya saa tatu. Kipimajoto cha kibandani kilisema digrii mbili. Kile cha majani kilikuwa chini ya sifuri, na umande uwanjani ulikuwa umeganda, mweupe, ukikatika chini ya viatu vyangu. Hicho ndicho tunachokiita jalidi. Nilisimama pale, mkono kwenye penseli, nikamwona yule mtoto kama vile yuko mbele yangu. Kama mjini ni hivi, chini ya Mbizi ni vipi?

Nilimwendea Mkuu wa Kituo nikamweleza kuna watu nawajua wako hatarini, naomba ruhusa nichukue baiskeli niende.

“Leo?” akasema. “Gaspari, leo?”

“Wana mtoto mchanga, Mkuu.”

Alinitazama kwa huruma, hilo sitalificha. “Sikukatazi. Lakini Mkaguzi akifika asikukute, mimi sina la kukutetea. Wawili wanatoka hapa kituoni. Majina hayajaandikwa bado.”

Hakunikataza. Narudia kwa sababu kwa miaka mingi nilijisimulia kwamba alinikataza. Nilikuwa na mke na watoto wanne, na nikaona nyumba yangu bila mshahara waziwazi kuliko nilivyomwona mtoto wa watu. Nikarudi mezani. Nikanakili digrii zangu kwa wino, na kwenye safu ya maoni nikaandika neno moja, jalidi.

Mkaguzi alifika saa nne. Alikuwa mtu wa kusema kwa upole na kuuliza maswali madogo yanayouma. Alipekua madaftari yangu ukurasa kwa ukurasa, akasifu mwandiko. Kila nilipotazama nje, jua lilikuwa limepanda zaidi, zuri, la uvuguvugu, na nikajidanganya kwamba limekwisha kuwaokoa. Nilisubiri hata kipimo cha saa tisa, kwa kuwa Mkaguzi alitaka aone ninavyosoma. Nilibana pumzi kama nilivyofundishwa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Ndipo nikapanda baiskeli. Nilifika chini ya Mbizi jua likielekea kuzama, mapafu yananiwaka. Kwa mbali niliona moshi nikashukuru Mungu, kisha nikaona wanaume watatu na majembe, na sehemu waliyokuwa wanachimba haikuwa shamba.

Bibi mmoja wa Kifipa, ambaye nyumba yake iko chini kidogo ya kambi ile, ndiye aliyenipokea. Nikamwamkia shikamoo, akaitika bila kunitazama.

“Jana tuliwaita waje walale jikoni kwetu,” akasema. “Mwanamume akakataa. Anasema ana moto, na mtaalamu amemwambia moto unatosha. Asubuhi mtoto alikuwa hai, anapumua kwa shida, kifua kinabana. Tukasema tumpeleke hospitali, nani ana chombo? Amekata roho jua likiwa utosini.”

Jua likiwa utosini mimi nilikuwa nasifiwa mwandiko. Hospitali ilikuwa mjini, na baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta wa kituo tangu asubuhi.

Masanja alikuwa amekaa kando ya moto. Moto wenyewe ulikuwa mkubwa kweli, magogo mazito, na jivu limetanda kuonyesha haukuzimwa tangu siku nyingi. Kibanda kilikuwa cha matawi na majani yaliyotupiwa juu, na kupitia paa lake niliiona mbingu. Niliielewa habari yote kwa kutazama mara moja. Moto ulikuwapo, umbali ulikuwa sahihi, na hakukuwa na kitu cha kulizuia joto lisipae. Kambi ile ilikuwa mwezi.

“Mwalimu,” Masanja akasema, “nilikosea wapi?”

Kabula alikuwa ameketi nyuma yake, kanga ileile mikononi, haina mtu ndani. Aliinua uso akanitazama, anangoja jibu kama mumewe.

Nilipaswa kusema, hukukosea wewe, nilikufundisha nusu. Nilipaswa kusema, nilijua tangu asubuhi. Niliwatazama wale wenye majembe, nikaona watanigeukia, nikaona habari inafika kituoni kabla yangu. Masanja mwenyewe akanifungulia mlango wa kutorokea.

“Au moto ulififia alfajiri, sisi tumelala?”

Nikasema, “Huenda. Huenda ulififia.”

Kabula akasema, “Haukufifia. Mimi sikulala.”

Tulimzika mtoto kabla ya giza, nikarudi mjini kwa miguu, nikisukuma baiskeli. Wiki ile orodha ilitoka. Jina langu halikuwamo.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nilipanda cheo, nikawa Mkuu wa Kituo nami, nikawafundisha vijana kubana pumzi. Sikufundisha tena habari za nyota, hata watoto wangu waliponiomba. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nyumbani kwangu kicheko kilikuwapo kweli, na kilio nilikipeleka kwa wengine.

Nilipostaafu niliagwa kwa keki na soda. Waliniuliza nitakumbuka nini zaidi, nikasema ushirikiano wenu. Jioni ile nilijua kwamba kilichokuwa kinanifunga mdomo, yaani kazi, kimeondoka, na sasa sina kisingizio. Ilinichukua bado miezi minane. Mwisho nikapanda gari kwenda Kaoze, ambako nilisikia Masanja amerudi, nikamuulizia, nikaonyeshwa boma lake. Amekuwa mzee wa makamo, mvi kidevuni, ng'ombe wengi, wake wawili na wajukuu. Alinikumbuka papo hapo.

“Mwalimu wa nyota,” akasema, akanipa kigoda.

Niliyasema yote kwa mara moja, kabla sijaogopa. Nikamwambia habari ya mwezi, habari ya hewa inayofunika, habari ya kile kipimajoto, na saa nilizokaa na Mkaguzi. Nikamwambia, moto wenu haukufifia, Masanja. Ungefifia, ningekuta jivu limepoa pembeni, na halikuwa limepoa. Nilijua siku ileile.

Alichora ardhini na fimbo.

“Kabula aliapa,” akasema. “Aliapa mbele ya wazazi wake kwamba hakulala, alikuwa anaongeza kuni mpaka kunakucha. Nikawaambia, mtaalamu mwenyewe amesema moto ulififia. Nani atabishana na mtaalamu? Nikamrudisha kwao kama mwanamke aliyemlaza mtoto kwenye baridi.”

“Yuko wapi sasa?” nikauliza.

“Alihamia upande wa Namanyere. Hakuolewa tena, nani angemchukua na jina lile? Msiba wake nimeusikia mwaka juzi.”

Nilitaka apige kelele, hata anipige. Hakufanya hivyo. Alimwita binti mmoja, akamwagiza alete maziwa ya mgeni. Kibuyu kilipoletwa alikishika mwenyewe kwa mikono miwili akanipa, huku ananitazama usoni. Nami niliyanywa yote mpaka tone la mwisho, kwa sababu niliogopa kuyakataa.